Sekunde Kumi na Moja

Saa kumi na mbili na nusu. Moshi haijafungua maduka,
mlima umejivuta shuka la wingu mpaka kichwani,
nami niko nyuma ya kioo, kidole juu ya kitufe,
fundi mitambo, mtu ambaye mji haujui sauti yake.
Upande wa pili Elinami Kimambo anasafisha koo
kama anayekwangua sufuria.

"Wenye nyumba mpo?"
Ndivyo anavyoanza, mwaka wa tisa sasa.
Kisha magazeti: diwani kaahidi tena taa za barabarani,
zile zile za uchaguzi uliopita.
"Nguzo tumeletewa," asema Rajabu Msuya.
"Giza ndilo letu wenyewe."

Mpare na Mchaga kwenye meza moja:
"Ninyi theluji ya Kibo mngekwisha kuiuza,
mmekosa tu magunia."
"Nanyi mngeishitaki kwa kuyeyuka,
mpaka rufaa."
Simu zinawaka. Kibosho. Himo.
Mtu wa Kiboriloni, redio juu ya robota la mitumba,
anataka kuzungumzia suruali.

Basi, suruali.
Zilizochanwa magotini makusudi
na bei yake inaizidi nzima.
"Bibi yangu alitia kiraka apate kwenda ibadani," asema Elinami,
"wa leo anachana apate kwenda ibadani."
Nacheka. Kwa kweli huwa nacheka.
Namwona mama yangu kule Machame akitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo,
ndizi zikimshika chini ya chungu.
Goti langu la kushoto liko wazi chini ya meza,
hewani halionekani.

Kisha wasanii. Hapo Elinami huacha utani.
"Binti anayekata kiuno jukwaani," asema, "hana kwao."
Kila wiki, neno kwa neno.
Rajabu hutazama ndani ya kikombe chake.

Laini ya tatu.
Jina: Mama Nai. Mahali: Sakina, Arusha.
Nikamwunganisha.
"Shikamooni watangazaji," akasema,
kisha akasafisha koo
kama anayekwangua sufuria.

"Swali langu dogo tu. Huyo asiye na kwao,
akipanda Krismasi na mtoto mgongoni,
geti mtatia kufuli, au komeo linatosha?"

Kanuni imebandikwa ukutani:
kimya kisizidi sekunde tatu,
msikilizaji asije akadhani tumekufa.
Nilihesabu kumi na moja.
Mkoa mzima ulisikia feni yetu ikizunguka, ule ubawa uliolegea.
Rajabu, mtu wa maneno, akakosa neno.
Kitufe kilikuwa chini ya kidole changu.
Sikukibonyeza.

"Mtoto anaitwa nani?" Elinami akauliza, taratibu.
Laini ilikwisha kukatika.

Tangazo la mabati. Tangazo la dawa ya kuku.
Kisha matangazo ya vifo, ambayo husoma yeye,
maana ana sauti ya kuyasoma.
Marehemu wa Uru ameacha mjane, watoto sita
na wajukuu.
Na wajukuu, akarudia,
kana kwamba karatasi imekosea.

Saa tatu, hedifoni zimevuliwa,
akaja upande wangu wa kioo, asikokuja.
Hakuuliza kitu. Alisimama tu akitazama
pale namba za wapigaji zinapobaki.
Nikamwandikia nyuma ya karatasi ya vifo.
Akaikunja mara nne, akaitia kwenye kasha la miwani,
akaliona goti langu.
"Baridi itakuingia," akasema,
akashuka ngazi.

Kesho yake alikuwepo. Wenye nyumba mpo?
Saruji imepanda, vijana wamelegea, diwani hapatikani.
Jumatano hakuwagusa wasanii.
Alhamisi pia.
Ijumaa mtu wa Kiboriloni akapiga, akamchokoza.
"Binti anayekata kiuno jukwaani," Elinami akaanza,
akakohoa,
akaniashiria kwa mkono
niweke wimbo.